Njombe kwa Baiskeli: Dada, Njia Isiyo na Malori Iko Wapi?

Wadogo zangu, likizo ya Juni ikikaribia, ujumbe mnaoniletea huanza kufanana. Mko wawili watatu, mna baiskeli za mtumba zenye gia, mmeona picha za misonobari ya Njombe, na mnataka kuzunguka siku kadhaa bila kupigiwa honi mgongoni. Mmoja wenu ameandika kwa herufi kubwa: KUNA BARABARA ZISIZO NA MAGARI KWELI AU NI PICHA TU?

Zipo, tena nyingi kuliko mnavyodhani. Ila msianze kufunga mizigo kabla hamjanisikiliza. Huku kwetu hakuna halmashauri iliyokaa ikachora njia ya baiskeli katikati ya msitu. Barabara ikiwa kimya Njombe, ina sababu ya kuwa kimya. Ama kilima chake kimewachosha madereva, ama daraja lake halibebi lori, ama ni ya shamba la chai au la miti na ina geti, ama mvua imeifanya uji. Ukiijua sababu, umejua na utakacholipa kwa huo ukimya. Usipoijua utakutana nayo mbele ya safari, saa kumi na moja jioni, baridi imeshaanza kushuka.

Tuanze na Makambako, maana wengi mtashukia hapo. Ni mji wa njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Iringa inapita hapo kwenda Mbeya na Tunduma, na hapo hapo ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Kwa mwenye gesti au mama lishe hiyo ni neema. Kwa mwenye baiskeli, hapana. Malori ya Zambia na Kongo hayalali, na yale ya Ruvuma, yakiwemo ya makaa ya mawe, yanakuja kuungana nayo hapo. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60 za lami, na najua mtu ataniambia, "Dada, 60 si kitu." Tambarare si kitu. Huko kuna kupanda, kushuka na kona, pembeni nafasi ni finyu, na dereva anayeteremka na mzigo mzito hawezi kukukwepa hata kama anakupenda. Pakieni baiskeli kwenye Kosta au basi hadi Njombe mjini, mlale, safari ianzie huko. Anayetaka kuonesha ushujaa atapata nafasi tele mbele, bila lori.

Kuna aliyeuliza kama mnaweza kuifuata reli ya TAZARA. Swali si la kijinga hata kidogo. Uingereza walichukua reli zilizofungwa wakazigeuza njia za baiskeli. Ile ya kutoka Bristol hadi Bath, kilomita 21 hivi, iliyokamilika miaka ya 1980, iliwafungua wengi macho. Treni haiwezi mwinuko mkali, kwa hiyo palipopita reli hata goti bovu linapita. Na waliojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 walikiona cha moto hapa hapa: kipande cha Mlimba hadi Makambako, kilomita 158, kilitaka mahandaki 18 na madaraja 46 ili treni iweze kupanda kutoka bonde la Kilombero. Hayo ndiyo mabonde mnayotaka kuyachezea kwa miguu yenu. Lakini reli yetu ni nzima, inatumika, na juu ya daraja la reli hakuna pa kukimbilia. Nendeni stesheni mkaitazame, mpige picha zenu nje, mwondoke.

Sasa vilima. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi mnapanga safari kwa kilomita na ndipo mnapokwama.

Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na maji ya mvua inayonyesha mkoani humo huachana njia. Ya mashariki huingia Ruhuji, ule mto wenye maporomoko jirani kabisa na mji, na kwenda Kilombero. Ya kaskazini magharibi hushuka Usangu kuutafuta Ruaha Mkuu. Ya kusini huenda Ruhuhu hadi Ziwa Nyasa. Kila kijito kinachoingia mito hiyo kimejichimbia bonde lake, na barabara inayovuka vijito inakushusha hadi majini na kukupandisha upya, kijito baada ya kijito. Barabara inayofuata mgongo wa kilima, mabonde yakiwa kulia na kushoto, ni jambo jingine kabisa. Kilomita 40 za mgongoni unaweza kuzimaliza kabla ya chakula cha mchana. Kilomita 25 za kuvuka mabonde zinaweza kula siku nzima na hasira zako zote.

Kwa hiyo ukifungua ramani ya simu, usianze na mstari wa barabara. Anza na mistari ya mito, uhesabu ni mara ngapi njia yako inaikata. Na ukimuuliza mwenyeji, usimuulize "ni mbali?" Atakujibu "si mbali, hapo tu," kwa sababu ana adabu na hataki kukuvunja moyo. Muulize, "Mpaka kufika nitavuka mito mingapi?" Hapo atasimama, atahesabu kwa vidole, na utapata jibu la kweli.

Mkifika kwenye kilima kinachokataa, shukeni mkokote. Tazameni wenyeji: kijana mwenye baiskeli ya Phoenix iliyobeba magunia ya viazi hapandi kilima juu ya tandiko. Anakokota hadi juu, anapumua, anaendelea. Hakuna anayemcheka. Septemba 2025 Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufika Afrika, walioanza mbio kuu ya wanaume walikuwa zaidi ya 160 na waliomaliza ni 30 tu. Wale wanalipwa kwa kazi hiyo, wana magari ya mafundi nyuma yao, na vilima vimewatoa. Wewe na begi lako la nguo nani atakulaumu?

Kushuka ndiko kunakonitia hofu kuliko kupanda. Breki za fito kama zile za Phoenix hazikutengenezwa kwa mteremko wa Njombe, na zikilowa ndiyo basi. Kama baiskeli yako ni ya mtumba yenye breki za waya, badilisha mipira yote minne kabla ya safari, badilisha na waya kama una kutu, kisha beba mipira ya akiba maana vumbi jekundu lenye mchanga huitafuna haraka. Usishike breki muda wote mteremko mzima. Shika, achia, shika, achia, ili rimu ipoe, na ukihisi imepata moto simama. Na mwambie fundi akuangalizie gia nyepesi kabisa kama inaingia bila kuruka. Mafundi wengi wakijaribu baiskeli huzungushia uwanjani kwenye gia ya kati, wakakurudishia wakisema iko fiti. Mwombe aijaribu kwenye kilima, na ukiona anasita, ipande wewe mbele yake.

Mtaelekea wapi basi? Mimi ningewapeleka kwanza upande wa Uwemba na Luponde, kusini mwa mji. Uwemba kuna misheni ya Wabenediktini, na Luponde kuna mashamba ya chai. Chai ni rafiki wa baiskeli: hukatwa kwa usawa, kwa hiyo unaona mbele, unaona nani anakuja, na njia zake za ndani huwa zimetunzwa ili majani yafike kiwandani kabla hayajachoka. Upande wa pili, Kibena, kuna mashamba makubwa ya miti ya kampuni ya TANWAT. Ilianzishwa 1949 na wakoloni wa Kiingereza kwa ajili ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Baadaye ikaongeza misonobari na mikaratusi. Msitu wa kupandwa haukupi ndege wengi wala nyani, sitawadanganya, na mtu aliyezoea msitu wa Udzungwa atauona kama jeshi lililo kwenye gwaride. Lakini kivuli chake ni baridi, sindano zilizoanguka zinalainisha njia, na ukiwa ndani unasikia cheni yako tu.

Kutoka Kibena njia inaendelea hadi Lupembe, kwenye chai nyingine na ukungu mwingi zaidi. Huko ni kwa wenye siku za kutosha na magoti mazuri, maana nchi inaanza kuporomokea Kilombero. Makete nako mtakutamani. Njombe hadi Makete sasa ni lami, kwa hiyo magari yameongezeka, na kwenye barabara ya Ludewa, kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege kabisa kwa sababu milima ile na mvua zile zilikuwa zinawashinda watu. Ndivyo inavyokuwa: pakishaboreshwa, ukimya unahama. Siwazuii, ila huko nendeni kwa ajili ya milima yenyewe, si kwa kutafuta upweke. Na anayeulizia Kitulo, ile hifadhi ya maua ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ajue kwamba maua huchanua wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Mkienda Juni mtakuta nyasi na upepo. Mkienda Februari mtakuta maua na tope linalojaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Chagueni moja. Pia ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina lango, ina kiingilio, na mambo ya baiskeli ndani yanaulizwa langoni kabla ya kuingia.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Mnadhani kiangazi ndiyo salama kwa kila kitu kwa sababu hakuna tope. Kumbe kiangazi ndicho kipindi ambacho magogo hutolewa msituni, kwa sababu hiyo hiyo. Ile njia nyembamba yenye picha nzuri ndiyo hiyo lori la magogo linapita, na dereva hategemei kukuta mtu. Jumapili asubuhi watu wako kanisani na misumeno imenyamaza, ndiyo siku yenu. Siku za kazi, msivae visikilizio masikioni. Lori husikika mapema sana kwenye mabonde, kabla halijaonekana. Mkilisikia, shukeni, wekeni baiskeli nje kabisa ya njia upande wa mlimani, siyo upande wa bondeni, msubiri lipite na vumbi lake litue. Bodaboda ni tabu nyingine: huteremka wakiwa wamezima injini kuokoa mafuta, kwa hiyo husikii kitu. Kwenye kona, kengele.

Sasa suala la ruhusa, na hapa nataka mnisikie vizuri. Msitu wa Njombe una mwenyewe hata kama huoni uzio. Ni wa kampuni, wa kijiji, wa shule, wa kanisa, au wa mzee fulani aliyepanda ekari mbili za misonobari ili ije imsomeshee mjukuu. Miti hiyo ikiungua, hakuna cha kumrudishia. Kuanzia Agosti mambo yanapokauka, mgeni anayeonekana msituni bila maelezo anahesabiwa kuwa hatari ya moto, na hawajakosea. Msiwashe moto wa kambi. Hata wa chai, hapana. Chai ipo vijijini, tena ya tangawizi.

Kuna na kidonda kingine ambacho ninyi wa mbali huenda mmekisahau. Mwanzoni mwa 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa mkoani Njombe kwa imani za kishirikina. Wazazi wa huko hawajasahau. Kwa hiyo msisimame njiani kugawa pipi kwa watoto, msiwapige picha, msiwapandishe kwenye keria hata wakiomba kwa machozi. Mkifika kijijini, pitieni ofisi ya kijiji, mwoneni mtendaji au mwenyekiti, mseme mmetoka wapi, mnakwenda wapi na mtalala wapi. Dakika kumi tu. Mkitoka hapo habari zenu zinatangulia mbele yenu kwa simu, na kijiji kinachofuata wanawasubiri kwa jina. Mkikutana na mtu mzima, "Shikamoo" ndiyo ufunguo, na "Kamwene" mkiweza, maana Wabena wakisikia mgeni anasema Kamwene huachia cheko hapo hapo.

Wasichana, tuongee pembeni kidogo. Sketi na cheni ni maadui. Vaa suruali au taitsi, juu yake funga kitenge ukifika penye watu, huku miguu ikibaki huru ukiwa njiani. Siyo kwamba kuna sheria. Ni kwamba bibi aliyekukaribisha uji atakusema vizuri ukiondoka. Taulo za hedhi bebeni za kutosha kutoka mjini, na zilizotumika zirudi nanyi kwenye mfuko, zisibaki msituni. Tandiko likikuuma siku ya kwanza, litakuuma zaidi siku ya pili, kwa hiyo lizoee nyumbani wiki kadhaa kabla, na fundi alishushe pua yake kidogo tu. Na jibu la "mume wako yuko wapi?" liandae mapema, fupi na la heshima, maana utaulizwa.

Baridi ya Njombe haina mchezo. Juni hadi Agosti kuna asubuhi umande unaganda kwenye majani, hasa pande za Makete. Ukipanda kilima unatoka jasho, ukifika juu upepo unalikuta lile jasho, na kufika chini ya mteremko meno yanagongana. Dawa yake ni kuvua kabla ya kupanda na kuvaa kabla ya kushuka, hata kama unaona uvivu. Glavu si urembo. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki. Sweta za mtumba soko la Njombe mtazipata nzuri, msizibebe kutoka Dar. Wakati huo huo jua la huko juu linaunguza bila wewe kuhisi joto, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na jua na kofia chini ya helmeti. Panga kufika unapolala saa kumi, saa kumi na moja kwa kuchelewa sana. Saa moja giza limeshaingia, na giza la msitu wa misonobari halina mbalamwezi.

Chakula hakitawapa shida. Njombe ni viazi, ni maharage, ni mahindi, na siku hizi ni parachichi kila mahali; parachichi na chumvi na kiazi cha kuchemsha vinakuvusha mabonde mawili. Maji ya vijito yanaonekana safi lakini juu yake kuna ng'ombe na mashamba yanayopigwa dawa, kwa hiyo chemsheni au nunueni. Ulanzi mtaupata msimu wa mvua, wakati mianzi inapogemwa. Ule wa asubuhi, mtogwa, ni mtamu kama juisi na hauna makali. Ule uliolala, mkangafu, una makali yake, na anayekukaribisha hatakwambia tofauti kwa sababu anadhani unaijua. Uliza umegemwa lini. Kama ni jana, kunywa jioni baiskeli ikiwa imefungwa ndani.

Vifaa nitavipitia haraka, maana fundi wenu anajua kuliko mimi: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu, spana za saizi ya baiskeli yenu, kiungo cha cheni cha akiba, waya wa breki mmoja, kamba za mpira za kufungia mzigo. Tairi la akiba kama saizi yenu si ile ya Phoenix, kwa sababu vijijini tairi lililopo ni la Phoenix tu. Pesa taslimu za noti ndogo, maana mtandao hupotea bondeni na wakala wa simu anaweza kuwa kaenda shambani. Simu izimwe mchana, iwashwe jioni, ili chaji idumu.

Mkirudi, msirudi kwa barabara mliyoikwepa wakati wa kwenda, hata kama miguu sasa ina kiburi. Njombe stendi, basi la kwanza la asubuhi lina buti tupu. Mpeni konda taarifa jana yake, mfike mapema, mtoe gurudumu la mbele, mzungushie cheni gazeti isije ikachafua mizigo ya watu, na mhakikishe friwili iko juu siyo chini. Nauli ya baiskeli haina bei ya kudumu. Atataja ya mtu mzima, mtamtajia ya gunia la viazi, mtakutana katikati. Lipeni baada ya kuiona ikifungwa kwa kamba, siyo kabla.